Nani Alinunua Majiwe ya Redio?

Wewe unayesoma ukurasa huu Rubaya, Nyabiondo, Mubi ao Njingala, unajua sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mwenye kununua majiwe ya redio ndiye anayeshika kifungo. Wengine wote wanasikiliza anachotaka yeye.

Mwezi wa tatu mwaka 2025 sheria hiyo ilitawala katika lupango yetu, kando ya barabara inayoteremka kwenda Walikale. Tulikuwa tumepokea familia tano zilizotoka Masisi wakikimbia vita. Watu zaidi ya thelathini, redio moja. Jioni ya kwanza majiwe yalinunuliwa na mwalimu mmoja. Tukasikiliza redio ya Leta. Jioni ya pili yakanunuliwa na kijana mchimbaji aliyekuwa amefanya kazi Bisie. Yeye akatafuta redio ya ng'ambo. Jioni ya tatu ikawa zamu ya mama mmoja muuza mafuta ya mawese, naye akaweka redio ya Umoja wa Mataifa.

Kila jioni ilikuwa mabishano.

"Hii redio ya wazungu inadanganyaka," mwalimu akasema. "Inatuuzishaka kwa adui."

"Na ile yako ya Leta?" kijana akajibu. "Ilisemaka ukweli siku gani? Wanatuambia wamesimama imara, kumbe wako wanapakia magodoro."

Mzee mmoja alikaa pembeni na karedio kake mwenyewe, akizungusha kifungo taratibu. Alikuwa anatafuta Sauti ya Amerika, Kiswahili cha jioni, aliyoizoea tangu ujana wake. Hakuipata. Tarehe 15 mwezi huo wafanyakazi wa redio ile waliambiwa wasirudi kazini, kwa amri iliyotoka Washington, na sauti yao ikakatika. Siku nne baadaye M23 waliingia katika mji wa Walikale. Mzee wetu alifikiri karedio kake kameharibika.

Katikati ya makelele hayo, mama mmoja wa Masisi mwenye watoto sita alinigeukia. Akasema maneno ambayo sijayasahau:

"Pasta, miye siulize nani ni wa upande gani. Miye nauliza: batoto balale na viatu ao bila viatu?"

Nilimpa jibu. Nitakuambia mwishoni ni jibu gani, sababu silo la kujivunia. Lakini kwanza tuzungumze juu ya hizo redio, sababu nadhani nyumbani kwako pia mnabishana.

HAKUNA REDIO ISIYO NA BABA

Watu wanapenda kusema: "Redio hii haina upande." Ndugu yangu, kila redio ina baba anayeilisha. Mtambo unakula mafuta, mwandishi wa habari anakula bugali, na mtu fulani analipa.

RTNC inalipwa na Leta ya Congo, maana yake na wewe pia, unapolipa kodi. BBC inalipwa na watu wa Uingereza, ambao kila nyumba yenye televisheni inatoa mchango wa mwaka. Idara zake za ng'ambo, kama ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 1957, zimepata pia feza kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi ile. RFI ni feza ya Ufaransa. Deutsche Welle ni feza ya Ujerumani. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1942, wakati wa vita kuu, kwa feza ya Marekani. Radio Okapi ilianzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, kwa feza za nchi nyingi.

Hizi zote ni feza za raia wa pahali fulani. Basi kuuliza "nani analipa?" ni vizuri, lakini hakutoshi. Swali la pili ni kubwa zaidi: yule anayelipa, je, ndiye pia anayeamuru habari?

Hapo ndipo redio ya wakubwa inapoachana na redio ya watu. Ya kwanza inamtumikia aliyeketi kwenye kiti. Ya pili inawatumikia wote wanaolipa, hata wale wasiompenda aliyeketi.

Sisi tulizoea ile ya kwanza. Wazee wanakumbuka televisheni ya wakati wa Mobutu: kabla ya habari, uso wake ulitokea katikati ya mawingu, kama mtu anayeshuka kutoka mbinguni. Kwa mtu aliyesoma shule ya Biblia, picha ile haihitaji maelezo.

Halafu tazama Goma. Mwaka 1998 RCD ilipochukua mji, redio ya Leta pale ikawa redio ya RCD. Mwezi wa kumi na moja 2012 M23 walipoingia, ikasema lugha yao kwa siku chache, kisha ikarudi kwa Leta. Mwezi wa kwanza 2025 M23 wakaingia tena, na sauti ikageuka tena. Jengo ni lilelile na mikro ni zilezile. Mama anayeuza sombe nje ya jengo lile amesikia ukweli ukibadilika mara nyingi kuliko bei ya chumvi.

Lakini Katiba yetu ya mwaka 2006 haisemi hivyo. Kifungu cha 24 kinasema vyombo vya habari vya Leta ni huduma ya watu wote, na kwamba mawazo yote ya siasa na ya jamii lazima yapate nafasi humo kwa haki. Kifungu cha 212 kiliweka baraza, linaloitwa CSAC, ili lichunge jambo hilo. Sheria ipo, ndugu. Kifungo tu ndicho kinabaki mkononi mwa mnunuzi wa majiwe.

MLANGO ULIOFUNGWA KWA WAWILI

Wengine watasema: "Basi, dawa ni kutokuwa na upande kabisa. Mfungie huyu, mfungie na yule." Nisikilizeni hadisi ya kweli ya nchi yetu.

Jioni ya tarehe 5 mwezi wa tisa 1960, Rais Kasavubu alikwenda redioni Léopoldville, akatangaza kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Lumumba. Usiku uleule Lumumba alikwenda kwenye redio ileile, akajibu kwamba Rais ndiye ameondolewa. Kesho yake askari wa Umoja wa Mataifa waliifunga redio. Walisema ni kwa kuzuia damu isimwagike, na kwamba wamewafungia wote wawili sawasawa.

Ilikuwa sawasawa kweli? Kasavubu alikuwa na rafiki ng'ambo ya mto, Brazzaville. Redio ya kule iliendelea kupitisha maneno yake, na watu wa Léopoldville waliyasikia vizuri. Lumumba hakuwa na redio ng'ambo. Mlango ulifungwa kwa wawili, lakini mmoja alikuwa na mlango mwingine nyuma ya nyumba. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 Lumumba aliuawa.

Ndiyo maana mzee anaposema hana imani na redio ya Umoja wa Mataifa, usimcheke. Ana sababu yenye umri mkubwa kuliko wewe.

Na hadisi ya pili inatoka Uingereza, nayo ni ya wachimbaji kama ninyi. Mwezi wa tano 1926 wenye migodi ya makaa ya mawe walitaka kupunguza mishahara na kuongeza saa za kazi. Wachimbaji wakakataa, na wafanyakazi wengine wa nchi nzima wakagoma kwa kuwaunga mkono. Magazeti mengi hayakutoka. Watu wakabaki na redio, BBC, iliyokuwa bado changa.

Waziri mmoja, Winston Churchill, alitaka Leta iichukue redio ile moja kwa moja. Mkubwa wa BBC, John Reith, hakukubali, na redio ikaokoka. Lakini iliokoka kwa bei gani? Waziri Mkuu alipewa nafasi ya kusema. Kiongozi wa upinzani hakupewa. Askofu Mkuu wa Canterbury na viongozi wengine wa makanisa waliandika ombi la amani lililozitaka pande zote ziregeze, Leta pia. Mwanzoni ombi hilo lilikataliwa redioni. Lilisomwa baadaye, siku chache zimepita.

Kumbuka jambo hili: Leta haikuingia BBC na bunduki. Redio ilijizuia yenyewe, kwa kuogopa isije ikaingiliwa. Mgomo wa nchi nzima ulidumu siku tisa. Wachimbaji waliendelea peke yao mpaka njaa ikawarudisha shimoni, kwa mishahara midogo na saa nyingi.

REDIO INAPOUA

Huko Uingereza redio ilinyamaza. Hapa kwetu, upande huu wa maziwa, tunajua kwamba redio inaweza kufanya mabaya zaidi.

Tarehe 3 mwezi wa tatu 1992, Radio Rwanda, redio ya Leta iliyolipwa na kodi za Wahutu na Watutsi pamoja, ilisoma mara nyingi tangazo lililosemekana limetoka Nairobi. Lilisema Watutsi wamepanga kuua wakubwa wa Kihutu. Lilikuwa la uongo. Katika siku zilizofuata, mamia ya watu waliuawa Bugesera. Mkubwa wa habari za Leta wakati ule, Ferdinand Nahimana, aliondolewa kazini. Mwaka 1993 alikuwa kati ya walioanzisha redio nyingine, ya watu binafsi, RTLM. Mnajua redio ile ilifanya nini mwaka 1994. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2003.

Sisi nasi tusinawe mikono. Vita ilipoanza upya mwezi wa nane 1998, mkubwa wa karibu na Rais wetu, Abdoulaye Yerodia, alitoa hotuba dhidi ya Watutsi, na vyombo vya habari vikazieneza. Mwaka 2000 jaji wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata. Mahakama ya La Haye iliifuta mwaka 2002, sababu wakati hati inatolewa alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje na alilindwa na cheo. Maneno yenyewe hayakufutika.

Watu wa Masisi na Walikale mnaelewa bila kufundishwa. Tangu mauaji ya soko la Ntoto mwaka 1993, tunajua kwamba habari moja ya uongo inaweza kufika kijijini kabla ya panga, ili kulifungulia panga njia.

REDIO YENYE JINA LA MNYAMA WETU

Juu ya mauaji ya Rwanda, watu wa Fondation Hirondelle walileta kwetu Kivu redio moja iliyoitwa Agatashya, yaani mbayuwayu. Ilisema kutoka Bukavu kuanzia mwaka 1994, mpaka vita ya 1996 ikaimaliza. Kisha, tarehe 25 mwezi wa pili 2002, ikazaliwa Radio Okapi. Siku ileile Wakongomani walianza mazungumzo yao Sun City, Afrika Kusini. Nchi ilikuwa imekatwa vipande. Mtu wa Goma hakuweza kwenda Kinshasa, lakini sauti yake iliweza.

Waandishi wake wawili waliuawa Bukavu: Serge Maheshe mwaka 2007, na Didace Namujimbo mwaka 2008. Walikuwa Wakongomani, watoto wa hapahapa. Mtu anaposema "redio ya wazungu", akumbuke makaburi hayo.

Lakini swali la mwalimu wetu ni la haki. Redio hii inakula katika nyumba ya MONUSCO, na MONUSCO ina bunduki. Mwaka 2013 Baraza la Usalama liliipa hata brigedi ya kupigana na makundi yenye silaha. Je, redio ya mtu anayepigana inaweza kuwa bila upande?

Mimi naipima hivi: inasema nini siku ambayo habari inamchoma baba yake?

Chukua Luvungi, hapa Walikale. Kati ya tarehe 30 mwezi wa saba na tarehe 2 mwezi wa nane 2010, watu wenye silaha walishambulia vijiji kwenye barabara ya Kibua mpaka Mpofi, wakabaka. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387. Kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa ilikuwa karibu kilometa thelathini tu. Mtandao wa simu haukufika kule. Dunia ilisikia baada ya wiki tatu hivi. Kiisha mkubwa mmoja wa Umoja wa Mataifa, Atul Khare, alikiri mbele ya Baraza la Usalama kwamba wameshindwa kuwalinda. Radio Okapi ilizitangaza habari hizo, pamoja na aibu ya baba yake. Na mwezi wa saba 2022, watu wa Goma na Butembo walipoandamana kutaka MONUSCO iondoke, iliyatangaza maandamano. Hata askari wa MONUSCO walipopiga risasi Kasindi mwisho wa mwezi ule na watu wakafa, ilisema.

Sikuambii kwamba ni malaika. Zile wiki tatu za Luvungi zinabaki. Redio isiyo na mtu kijijini haijui, na pahali isipojua, kimya chake kinafanana na uongo. Lakini redio inayoweza kutangaza kosa la mlipaji wake imepita mtihani ambao nyingi zinashindwa.

SAUTI YA ADUI

Kuna jambo moja linalotuchoma kuliko mengine. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili 2012, baada ya Radio Okapi kupitisha maneno ya kiongozi wa siasa wa M23, sauti yake ilikatwa Kinshasa kwa siku kadhaa. CSAC ilisema ni shauri la karatasi. Mwezi wa kwanza 2025, Al Jazeera, televisheni ya Qatar, ilinyang'anywa kibali kwa kuzungumza na mkubwa wa M23. Wakati uleule Waziri wa Haki alitisha kwamba anayeeneza habari za kazi ya M23 na jeshi la Rwanda, hata kama ni mwandishi, anaweza kupata hukumu ya kifo.

Naelewa hasira ile. Nimezika watu. Kusikia sauti nzuri, yenye Kifaransa kizuri, ikieleza kwa nini mtoto wa fulani alikufa, inaumiza tumbo.

Lakini nauliza kwa upole: yule mama wa viatu, anasaidiwa na nini? Anahitaji kujua adui anasema yuko wapi, na Leta inasema yuko wapi, na mtu wa tatu aliyeona anasema nini. Kumsikia mtu si kumkubali. Kinachokuwa dhambi ni kumpa mikro bila kumwuliza juu ya maiti. Hiyo ni kweli kwa mwasi, ni kweli kwa mkubwa wa jeshi, na ni kweli kwa Waziri.

MABATI YA KANISA LETU

Sasa nishuke mwenyewe kwenye mizani.

Miaka fulani iliyopita, PDG mmoja wa mashimo alitupa mabati sitini kwa paa la kanisa. Tulimwombea, tukala naye. Miezi michache baadaye shimo lake lilianguka siku ya alhamisi, watu wanne wakafa. Wajane walinijia niseme kanisani. Walinieleza kwamba waume zao walikuwa wamekataa kuingia kwa siku tatu, sababu miti ya kushikilia shimo ilikuwa imeoza. Waliambiwa waingie ao waende zao.

Siku ya Mungu nilisimama, nikatangaza: "Kumetokea ajali. Tutoe sadaka kwa wajane." Basi. Juu ya miti iliyooza sikusema kitu.

Mpenzi msomaji, PDG hakunipigia simu. Hakunitisha. Hata sijui kama alinikumbuka siku ile. Nilipoinua macho niliona mabati, nayo yakanifunga kinywa. Tangu siku hiyo sikuuliza tena kama mwandishi wa redio ya Leta anapewa amri kila asubuhi. Huenda hakuna anayempa amri. Anainua tu macho na kutazama paa.

Mjane mmoja aliniambia mlangoni: "Pasta, tangazo yako ilikuwa mufupi." Hakuongeza neno.

Sikulala wiki ile. Siku ya ijumaa nilikwenda kwa PDG, nikamwambia nitasema nini, nikamwuliza ana jibu gani. Alisema miti ilikuwa imeagizwa, na kwamba wale watu waliingia kwa hiari yao. Siku ya Mungu iliyofuata nilisoma tangazo upya: maneno ya wajane, kisha maneno ya PDG, na nikasema kwamba mimi mwenyewe sikuwa shimoni. Sikumhukumu. Hakutupa tena kitu. Nusu ya paa letu ni shitingi mpaka leo, na mvua ikinyesha tunasukuma mabenchi upande mmoja. Sijuti.

Kutokuwa na upande si kukosa baba, na si kusimama katikati bila kusema kitu. Ni kusema yanayomchoma anayekulisha, na kumwacha yeye pia ajibu.

TUSIKILIZE NAMNA GANI?

Redio trotwari nayo inapita kila siku, kwenye motari, kwenye kontwari, sasa na kwenye simu. Hatuwezi kuikimbia. Lakini tunaweza kujizoeza kuuliza maneno machache, hata na watoto:

Nani analipa redio hii, na je, niliwahi kuisikia ikisema kosa la mlipaji? Kama hapana hata mara moja kwa mwaka mzima, jua unachosikiliza.

Watu wanaitwa majina gani? Kundi lilelile moja linaitwa "waasi" hapa, "wakombozi" pale, "magaidi" kwingine. Ondoa jina, sikiliza kitendo: nani alifanya nini, wapi, lini, kwa nani.

Nani hakuulizwa? Mara nyingi ni mama, mchimbaji na mkimbizi.

Je, mtangazaji alikuwapo? Redio nzuri inasema "tuliona", "tuliambiwa", ao "bado hatujahakikisha". Na ikikosea, inarudi kusema imekosea.

Kabla ya kuamua jambo kubwa, sikiliza mbili zisizopendana. Wanapokubaliana juu ya jambo moja, mara nyingi jambo hilo ni kweli.

Na swali la mwisho ndilo gumu: mimi mwenyewe nataka kusikia nini leo?

VIATU

Narudi kwa mama wa Masisi. Jioni ya nne ya mabishano, majiwe nilinunua mimi. Niliweka redio ninayoipenda. Sitaitaja, sababu kosa halikuwa lake. Ilisema kwamba barabara ya mbele yetu bado inashikwa. Nilifurahi. Nilikuwa nimechoka, wagonjwa walikuwa wengi, na mvua ilikuwa inanyesha. Nilitaka iwe kweli.

Nilikuwa na habari nyingine mkononi. Tarehe 13 kampuni ya Alphamin ilikuwa imesimamisha kazi Bisie na kuondoa watu wake. Magari yalikuwa yanapita kwenda Lubutu yakiwa yamejaa, na yanarudi matupu ao hayarudi. Redio nyingine, ile ya kijana, ilikuwa imesema jambo tofauti juzi yake. Yote hayo niliyaweka kando, kama nilivyoweka kando miti iliyooza.

Nikamwambia mama: "Walale bila viatu. Tungojee asubuhi."

Kabla ya mapambazuko bunduki zilisikika karibu. Tulikimbia porini gizani. Watoto wake walikimbia miguu mitupu, na kasichana kadogo kakakatwa vibaya na kisiki. Mtoto wa kwanza, kijana wa miaka kumi na tano, alikuwa amelala kwenye kare na wachimbaji. Kama wangeondoka jioni ile, mama angemtuma mtu amwite. Hakumwona tena kwa siku kumi na moja. Mungu alimrudisha, tulimkuta upande wa Lubutu, amekonda lakini mzima.

M23 waliondoka Walikale mwanzoni mwa mwezi wa nne, nasi tukarudi. Nilimwendea mama yule, nikamwomba msamaha. Nilisema: "Mama, redio ilinidanganya."

Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Hapana, Pasta," akasema. "Redio ilisema ya jana. Weye njo ulisema ya kesho."

Ndugu, dada, nimekuandikia haya ili usibebe mzigo huo. Redio ina upande wake, tuuchunguze. Lakini sikio nalo lina upande, na hilo hakuna baraza la Kinshasa wala mahakama ya ng'ambo itakayolichunga kwa ajili yetu. Leo jioni, ukinunua majiwe, kabla ya kushika kifungo, mwulize kwanza yule anayelala karibu na mlango: "Weye unataka kujua nini?"

Ya kuzungumza nyumbani:

1. Kwetu nani anachagua redio? Nani hajawahi kuulizwa?
2. Ni habari gani tuliyoiamini mwaka huu kwa sababu tu tuliipenda?
3. Kanisani, shuleni, shimoni: ni "mabati" gani yanayotufunga kinywa?
4. Tukiambiwa kukimbia usiku wa leo, tutamwuliza nani wa pili kabla ya kuamua?